Amina ya Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa mtu wa kuitikia. Ukimwambia jambo lolote kwa upole, kisha ukanyamaza kidogo mwishoni, alikujibu "ndiyo" kabla hajajua umesema nini. Mkewe hupenda kusimulia kwamba hata ndoa yao ilianza hivyo: siku moja alimwomba amsindikize mpaka dukani, kijana akaitikia, na mpaka leo hajarudi kwao.

Kazi yake ndiyo iliyomfundisha tabia hiyo. Mtu anayeshughulika na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele hawezi kumtazama kila anayeongea. Kutwa nzima aliinamia meza yake dirishani, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho la kulia na kibano mkononi, huku wateja wakimwagia habari za wakwe, mafua na wapangaji. Yeye alijibu ndiyo, ndiyo, naam, na wateja waliondoka wakisema hakuna mtu msikivu kama Fundi Saa. Ukutani mwake zilining'inia saa ishirini na tatu, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Nusu zilikuwa za watu waliosahau kuzifuata.

Kwa sifa hiyo ya usikivu, watu wa kata walimshika mkono wakamwambia agombee udiwani. Akaitikia.

Sasa, Jumapili moja, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Fundi Saa alikwenda kanisani kama kawaida yake, ila safari hii hakuachwa akae benchi lake la nyuma karibu na mlango. Mgombea ni mtu mkubwa. Aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mikono, akapewa kipaza sauti kisicho na waya akishike kabisa, maana baada ya mahubiri angesalimia waumini kwa dakika mbili. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa kimezimwa. Pembeni yake palikuwa na kitufe kidogo cheusi chenye alama mbili.

Mtu mwingine angekiacha kitufe kile mahali pake. Lakini kumpa fundi saa kitufe kidogo na kumwambia akae kimya kwa dakika arobaini ni sawa na kumwekea paka samaki magotini na kumwambia afunge. Alikigeuza. Akakisukuma kwa kucha ili aone kinapita wapi. Akawa anajiuliza ndani kuna springi au bati la kukunja.

Mchungaji, huku juu, alikuwa amefika kwenye habari za malezi ya mabinti. Alikuwa mzee mwenye sauti nzuri, na aliipenda. Alisema mengi siku hiyo, na mengi yalikuwa ya kawaida. Kisha akasema hivi:

"Mwanamke aliyeshindwa kukaa kwenye ndoa yake hana cha kumfundisha binti wa mtu. Hata kutunga uzi kwenye sindano."

Akanyamaza, kwa upole, kidogo.

"Amina," alisema Fundi Saa.

Ilitoka kwenye spika mbili za ndani, ikatoka na kwenye spika ya tatu iliyofungwa nje kuelekea barabarani. Ilikuwa amina nzito, yenye kujaa, amina ya mtu aliyekubali kwa moyo wote. Mbuzi aliyekuwa nje ya uzio aliacha kutafuna.

Katika kanisa zima hapakuwa na mtu asiyejua ni mwanamke gani wa kata ile aliyetoka kwenye ndoa yake na sasa anafundisha mabinti kutunga uzi. Alikuwa amekaa benchi la nne. Alikuwa dada yake Fundi Saa, tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Miaka sita nyuma alikuwa ametoka kwa mumewe na cherehani moja ya kukanyaga, akapanga nyumba ya vyumba viwili, na sebule yake akaifanya darasa la ushonaji. Alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Alichukua mkoba wake, akawaomba majirani zake wa benchi wampishe, akatoka polepole kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maji jikoni.

Ni hapo tu Fundi Saa alipoinua kichwa.

Kufika Jumatatu jioni kila mwenye simu alikuwa na video ya sekunde kumi na mbili ya amina ile. Kufika Jumanne kuna mtu alikuwa ameitia ngoma chini yake, na amina ilikuwa ikirudiwa mara nne mfululizo kama kiitikio cha bendi ya harusi. Kufika Jumatano mabinti saba kati ya kumi na mmoja walikuwa wametolewa kwenye darasa la Dada. Mama zao walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, na wote walileta sababu ileile. Si kwamba Mchungaji amesema. Mchungaji husema mengi. Ni kwamba hata mdogo wake wa damu ameitikia.

Meneja wa kampeni alikuwa shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, ambaye kata nzima ilimwita Kamusi kwa kuwa hakuwahi kutumia neno fupi pale ambapo refu lingetosha. Kamusi alifika kwenye kibanda cha saa na karatasi yenye majibu matatu. La kwanza lilisema Mchungaji ana mimbari yake na mgombea ana jukwaa lake. La pili lilisema maneno yamenyofolewa kutoka katika muktadha wake mpana. La tatu lilikuwa la dharura, nalo lilisema azimie.

Ilikuwa rahisi kumcheka Kamusi, lakini siku hiyo alizungumza vizuri. Alisema mwanasiasa hawezi kubebeshwa mdomo wa kiongozi wake wa dini. Watu wanamchagua diwani kwa ajili ya mitaro, taka na taa za barabarani, hawamchagui kwa ajili ya mahubiri ambayo hakuyaandika. Leo akimjibia mchungaji, kesho ataambiwa amjibie kinyozi wake, na keshokutwa mama mkwe. Na zaidi ya hapo, mgombea akianza kumsahihisha mchungaji wake hadharani, ataonekana anataka kuongoza kanisa pamoja na kata, jambo ambalo si zuri kwa kanisa wala kwa kata.

Fundi Saa alimsikiliza mpaka mwisho na akaona kwamba yote ni kweli. Hilo ndilo lililomsumbua, maana pamoja na ukweli wote huo, bado alijua kwamba lazima aende kwa dada yake.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa dada yake. Wanafunzi wanne walikuwa wameinama juu ya vipande vya kitambaa, na vigoda saba vilikuwa vimesogezwa ukutani, vimepangwa vizuri, jambo lililomchoma kuliko kama vingekuwa vimetupwa. Dada hakusimamisha cherehani. Aliuliza tu kama amekula. Fundi akasema amekula. Kisha akaanza kueleza habari za mimbari na jukwaa.

"Mdogo wangu," Dada alisema, miguu ikiendelea kukanyaga, "mimi na Mchungaji hatukunyonya ziwa moja. Akisema, amesema. Nakuuliza wewe. Uliamini, au hukusikia?"

"Dada, wewe unanijua."

"Ndiyo maana nauliza."

Fundi akatazama chini. "Sikusikia. Nilikuwa naangalia kitufe."

Mmoja wa mabinti akacheka puani, akajifanya anapiga chafya. Dada akasimamisha cherehani.

"Vizuri. Basi kaseme hivyo. Usiniambie mimi hapa kama unaniletea embe kwenye mfuko. Uliitikia kwenye spika, kaseme kwenye spika."

Fundi akamweleza, kwa kunong'ona kwa ajili ya mabinti, kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo hawezi kulisema. Mgombea anayetangaza kwamba alisema amina bila kusikia ametangaza kwamba ataletewa mkataba wa taka mezani na kuusaini bila kusoma. Hakuna mpinzani duniani ambaye angeiacha nafasi hiyo ipite.

"Basi sema uliamini."

"Sikuamini, dada."

"Basi chagua. Ukishachagua uje. Kabla ya hapo mlango huu ni wa wanafunzi."

Akaanza tena kukanyaga. Fundi Saa alisimama pale kwa muda kama nguo iliyosubiri kupigwa pasi, kisha akatoka.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu, mstaafu mwembamba aliyekuwa amefundisha hesabu nusu ya wapiga kura na kuwachapa nusu nyingine. Ijumaa asubuhi alikuja kibandani na saa ya ukutani kwapani. Ilikuwa haina kasoro yoyote. Ilikuwa imeishiwa betri tu, na mtu wa hesabu asingeshindwa kulijua hilo. Fundi akaelewa kwamba mgeni ana neno.

Neno lenyewe lilikuwa la kistaarabu. Kesho yake kungekuwa na mdahalo. Mwalimu alisema hana haja ya kuitumia ile video. Kwa upande wake, naye alijua Kamusi anatembea na kanda ya shehe wa Mwalimu mwenyewe, yule aliyesema mwaka jana kwamba mwanamke anayepanda baiskeli amejivunjia heshima. Kila nyumba ya ibada ina mzee wake mwenye mdomo. Wakianza kurushiana wazee, mpaka uchaguzi uishe hakuna atakayekuwa ameutaja mtaro hata mmoja. Kwa hiyo Fundi asimuulize habari za shehe, naye Mwalimu hatamuuliza habari za mchungaji.

Fundi alikuwa anageuza betri vidoleni. Alisema hilo ni jambo la busara. Kisha, kwa kuwa alikuwa anakumbuka kitu, akauliza: je, yule binti wa Mwalimu, muuguzi, si huenda hospitali kwa baiskeli?

"Kila siku," Mwalimu alisema.

"Alikuuliza kuhusu yale maneno?"

"Aliniuliza. Nikamwambia shehe ni mtu mzima, tumwache."

"Akasema nini?"

Mwalimu alichukua kitambaa akafuta kioo cha saa yake, ambacho kilikuwa safi. "Hakusema kitu. Tangu siku hiyo ananiamkia tu. Shikamoo baba, anaondoka. Jioni, shikamoo baba, analala. Mwaka wa pili huu." Akarudisha kitambaa mfukoni. "Ni mtoto mwenye adabu sana. Haya, tumekubaliana, Fundi?"

Akanyamaza, kwa upole, kidogo.

Ile "ndiyo" yake ilipanda. Fundi Saa aliihisi imefika kwenye ulimi, ikagusa meno. Kwa mara ya kwanza tangu apate akili, aliimeza. Alivua kioo kwenye jicho, akamtazama mzee yule kwa macho yote mawili, akasema kwamba ataomba alifikirie kwanza. Mwalimu alishangaa, maana kata nzima haikuwa imewahi kusikia neno hilo likitoka katika kibanda kile. Lakini alikuwa muungwana. Alisema hata wasipokubaliana, yeye hataligusa. Akaondoka na saa yake inayotembea.

Mdahalo ulifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule. Msimamizi alikuwa Mkunga, mwanamke aliyeheshimiwa na pande zote kwa sababu alikuwa amewapokea wengi wa waliokuwepo walipokuja duniani, na akimwona mtu anapandisha mabega alimkumbusha uzito wake wa siku ile. Mchungaji alikaa mstari wa mbele. Viti viwili pembeni yake alikaa shehe. Feni ilikuwa moja, na wazee wale wawili walikuwa wameielekeza kwao kwa makubaliano mazuri kabisa. Dada hakukaa. Alisimama nyuma karibu na mlango, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, kama mtu aliyepitia tu.

Wakazungumza taka. Wakazungumza taa. Kwenye mitaro Fundi Saa alijibu vizuri kiasi kwamba hata watu wa Mwalimu waliitikia kwa vichwa, na Kamusi, upande wa pili, alikuwa anatabasamu kama aliyekwisha kuapishwa. Mwalimu hakuigusa video. Hakuna aliyeigusa. Saa moja na nusu ikapita, na Mkunga akatangaza dakika moja kwa kila mgombea ya kuaga. Ilibaki dakika moja tu, na jambo lote lingekuwa limekwisha bila mtu kuumia, isipokuwa mmoja pale mlangoni.

Fundi Saa alisimama. Alikitazama kipaza sauti, akakigeuza, akahakikisha kitufe kipo upande wa kuwaka.

"Kuna watu wameniuliza," alisema, "kama nitayajibia maneno aliyoyasema Mchungaji wangu kuhusu wanawake walioacha ndoa zao. Sitayajibia. Mchungaji yupo hapo mbele, ana mdomo, tena mzuri kuliko wangu. Maneno yale ni yake. Lakini ile amina ni yangu."

Kamusi alishika ukingo wa meza, na kwa jinsi alivyopauka ilionekana jibu la tatu, lile la kuzimia, litatumika, ila na yeye.

"Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachezea kitufe. Ningesikiliza nisingeitikia, kwa sababu si kweli. Mimi nilifundishwa kutunga uzi na dada yangu, nikiwa na miaka sita, nikiwa nalia kwa sababu tundu la sindano silioni. Mkono ule alioushika ndio huu unaofungua saa zenu. Kwa hiyo naiondoa ile amina. Nilikosea kuisema. Basi."

Akakaa. Dakika yake ilikuwa bado na sekunde kumi na tano, na zote zilipita bila mtu kukohoa.

Mkunga akampa Mwalimu nafasi. Mwalimu alikuwa ameahidi kutoligusa jambo lile, lakini hakuwa ameahidi kulipita likiwa limewekwa mezani kwake na kijiko juu. Alisimama, akarekebisha miwani, akauliza kwa sauti ya darasani: "Fundi, na mambo mengine uliyoyaitikia bila kuyasikia ni mangapi?"

Watu wakacheka. Fundi Saa akawaza kwa dhati.

"Sijui, Mwalimu," alijibu. "Na mimi limenitia wasiwasi."

Wakacheka zaidi, na haikuwa rahisi kujua wanacheka kwa upande wa nani. Mwalimu akamalizia dakika yake kwa kusema kwamba kata inahitaji diwani anayesoma kabla ya kusaini. Kuhusu baiskeli hakusema kitu. Shehe alikuwa anatazama feni.

Dada alikuwa ameshaondoka mlangoni.

Mambo mawili yakafuata. La kwanza, wazee wa kanisa walikutana kwa saa tatu kujadili kama amina ikishatamkwa inaweza kuondolewa. Waligawanyika. Wengine walisema amina ni kama mhuri, wengine wakasema hata mhuri hufutwa ukigongwa kwenye karatasi isiyo yake. Swali likapelekwa ngazi ya juu, ambako liko mpaka leo. Mchungaji mwenyewe alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamuuliza Fundi kwa nini hakuja kumwambia faragha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Fundi alimpa maji. Akamwambia kwamba angekuja, lakini amina yenyewe haikuwa ya faragha. Mchungaji alikunywa maji, akasema bado anaamini alichokisema. Fundi akasema amesikia. Na alikuwa amesikia kweli, neno kwa neno, kwa sababu kibano kilikuwa chini. Tangu hapo, Jumapili, Mchungaji akinyamaza mwishoni mwa sentensi waumini huchelewa kidogo kabla ya kuitikia, kila mmoja akirudia kichwani kilichosemwa. Mahubiri yamekuwa mafupi.

La pili, mabinti. Wa kwanza alirudi Jumatatu, mama yake akimsindikiza na kusema kwamba alikuwa na mafua. Wawili wakarudi kwa mafua hayohayo. Wa nne alirudi peke yake, bila mafua na bila mama. Watatu hawakurudi.

Uchaguzi ulipofika Fundi Saa alishindwa kwa kura thelathini na nane. Kamusi alilieleza kuwa ni pigo la kihistoria na akalala siku mbili. Fundi mwenyewe alimpelekea Mwalimu pongezi, akafungua kibanda, akabandika kioo jichoni. Aligundua kwamba hana huzuni ya kutosha. Kitu alichokuwa anakisubiri kilikuwa kingine, na hakikutangazwa kwenye matokeo.

Siku ya pili yake, mchana, Dada alikuja. Hakuwa na saa ya kutengenezwa. Alisimama mbele ya dirisha, akaangalia saa ishirini na tatu ukutani, akasema hajui mtu anawezaje kuishi na ubishi wa namna ile. Akamwambia chakula kiko tayari na mabinti wanasubiri mtu wa kuwarekebishia cherehani ya pili, inaruka mshono.

Fundi alisimama haraka, akafuta mikono. Alipokuwa anafunga mlango Dada alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Kura yangu nilimpa Mwalimu."

Fundi Saa aligeuka akiwa na ufunguo mkononi. Alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Wewe ni ndugu yangu," Dada alisema. "Ulisema, nikasikia, yameisha. Lakini diwani asiyesikiliza simtaki. Ningempa kura mtu kwa kuwa ni mdogo wangu, ningekuwa na tofauti gani na wale akina mama?"

Fundi alifungua mdomo. Alifikiri kwanza, kwa muda mrefu kidogo, mpaka Dada akaanza kutembea.

"Ndiyo," akasema, akamfuata.